Fundi aliyeanza kwa kuuliza karatasi

Umeme ulikatika saa tisa alasiri, mvua ya masika imefunga kuanzia Pongwe mpaka Raskazone, ukarudi saa tatu usiku. UPS yetu, ile betri ya akiba, ilivumilia dakika 20 hivi. Kisha nikaisikia pampu ya tabo, inayotoa hewa ndani ya mashine, ikishusha mlio wake taratibu mpaka ikanyamaza. Anayeishi na mashine ya masi spektromita, inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli na vipande vyake, anajua ukimya ule unavyoumiza tumbo.

Maabara yetu hapa Tanga inapima mafuta ya viungo, karafuu na iliki zinazoshuka kutoka Muheza na Amani, na mteja alikuwa anasubiri kipimo cha yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu. Asubuhi niliwasha, nikaacha pampu ivute kwa saa nne nzima, nikatyuni, yaani nikaipima mashine kwa kemikali ya kalibresheni ambayo uzito wa vipande vyake unajulikana. Ikakataa. Kilele cha uzito wa 502 kimesinyaa, na voltaji ya detekta, sehemu inayohesabu vipande hivyo, ambayo kwetu hukaa 1,500 hivi, imepanda hadi 2,600. Nikampigia fundi mmoja. Hakuuliza swali hata moja, akasema detekta imekufa, tuagize nyingine nje ya nchi. Bosi aliposikia bei alikaa kimya muda mrefu.

Ninayemsifu hapa ni fundi wa pili. Hana kibao wala matangazo, hupatikana kwa kuulizana maabara kwa maabara. Alitoka Dar na basi la alfajiri, akafika kwetu saa nane mchana na begi moja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hajanywa hata maji akasema, "Mwanangu, nipe karatasi ya tyuni ya kabla umeme haujakatika."

Akailaza kando ya ile mpya, akaweka kidole kwenye namba tatu za uzito: 18, 28 na 32. Maji, nitrojeni, oksijeni. Alinieleza kuwa 18 kupanda baada ya mashine kuzimika ni kawaida, hasa kwa unyevu wetu wa pwani, na pampu ikivuta usiku kucha itashuka. Ila 28 yetu ilikuwa imeiacha 18 mbali, na 32 ilikuwa kama robo ya 28. Huo ni uwiano wa hewa tunayovuta puani. "Detekta yako nzima. Mashine inavuta hewa ya nje mahali fulani." Papo hapo akazima filamenti, waya wa moto ulio ndani ya mashine, maana ukikutana na oksijeni huungua.

Kilichofuata nimekiandika daftarini neno kwa neno. Alitaka kutafuta tundu kwa asetoni, ambayo ikivutwa ndani huonekana kwenye namba 43 na 58. Alisubiri oveni ya mashine ipoe kabisa, kwa sababu asetoni hushika moto upesi. Kisha akawasha filamenti kwa muda mfupi, akachovya pamba kwenye asetoni, akaniweka kwenye kompyuta niitazame namba 43. Akagusa ukingo wa mlango, kwenye mpira. Hakuna kitu. Akagusa maungio ya chupa ya kalibresheni. Hakuna. Akagusa nati inayoshika kolamu, mrija mwembamba unaopitisha sampuli, pale inapoingia kwenye mashine: 43 ikaruka, na 58 ikaifuata.

Sehemu ile ilikuwa imepoa umeme ulipokatika, kisha ikapashwa upya. Feruli, pete ya kuziba iliyomo ndani ya nati, husinyaa kwa mwendo huo, nati ikalegea. Akaikaza robo mzunguko tu. Nikaiona 28 ikianza kushuka mbele ya macho yangu.

Tuliiacha ivute mpaka asubuhi. Tyuni ikapita, vilele vya kalibresheni vya 69, 219 na 502 vikasimama sawasawa, detekta ikarudi 1,550. Yujenoli ya mteja ilitoka siku hiyo hiyo, 164, uzito wa molekuli yake, iko wazi.

Malipo yalikuwa shilingi 350,000 na nauli. Kwa kazi ile naona ni haki kabisa, tena hakutuuzia hata skrubu moja. Dosari yake ni kwamba hakuacha ripoti ya maandishi, na maabara inayokaguliwa inaihitaji. Ilibidi nimwombe mara mbili ndipo akaandika nusu ukurasa. Kuhusu UPS alinisisitizia kitu kimoja: umeme ukikatika nisikae kuhesabu dakika, nizime filamenti na kuanza kupoza mashine betri ikiwa bado ina nguvu. Tumeshabandika maelekezo hayo ukutani.

Siku ya tatu alipiga simu mwenyewe, akauliza 28 imefika ngapi.