Kisa cha babu au kitabu cha parokia: kipi tukiamini?

Babu husimulia kwamba baba yake aliingia Lubumbashi "na treni ya kwanza". Reli ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910. Kitabu cha ubatizo kinamwonyesha baba huyo akiwa kijana wa miaka 15 mwaka 1931, yaani hakuwa amezaliwa bado reli ilipofika. Kwa tarehe, karatasi inashinda. Huenda ilikuwa treni ya kwanza yeye kupanda.

Lakini karatasi nayo hukosea. Karani akikisia umri, akaandika "karibu 1916", mwaka huo hunakiliwa kadi hadi kadi, na nakala tatu za kosa moja si mashahidi watatu. Tena mwaka 1972 Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), alipiga marufuku majina ya Kikristo: Joseph wa parokiani hatumwoni tena kwenye kitambulisho. Anayejua kwamba ni mtu yuleyule ni shangazi. Kwa undugu, ndoa na mahari, kinywa cha wazee kina uzito zaidi.

Waulize wawili wa matawi tofauti, kila mmoja peke yake. Usiulize mwaka, uliza: "Mama, huyu mtoto alizaliwa Likasi ikiitwa bado Jadotville?" Majibu yakifanana neno kwa neno, chunguza kwanza nani alimsimulia mwenzake.