Epoksi au puti ya poliesta: kuziba nyufa na mianya katika boti ya faibaglasi

Puti ya poliesta hukauka kwa dakika chache, bei yake ni nafuu na husuguliwa kwa msasa bila taabu, hivyo yafaa kwa mikwaruzo midogo iliyo juu ya usawa wa maji. Hata hivyo, hushika kwa udhaifu faibaglasi iliyokwisha kukauka na hunyonya maji, na kwa sababu hiyo mimi nisingeitumia kamwe chini ya boti.

Epoksi, yaani gundi ya resini inayogandishwa kwa kigumishi, ikichanganywa na unga wa silika hukawia kukauka, na uwiano wa resini na kigumishi lazima upimwe kwa makini, kwa kuwa kuongeza kigumishi hakuharakishi kazi bali huacha mchanganyiko laini usiokomaa. Lakini hung'ang'ania faibaglasi kuukuu kwa nguvu na kuzuia maji vizuri zaidi. Baada ya kukauka, ioshwe kwa maji kabla ya kusuguliwa, maana utando kama nta unaoweza kujitokeza juu yake huzuia rangi kushika. Kisha ifunikwe kwa rangi, kwani jua huidhoofisha.

Ufa uliopenya ganda zima hauzibwi kwa puti yoyote peke yake: kingo zake huchongwa mteremko mpana, zikajengwa upya kwa tabaka za kitambaa cha faibaglasi.