Uzoefu wangu: wakili wa utetezi anayelipwa na serikali katika shauri la kukiuka masharti ya parole, jimbo la New York

Huduma ninayoieleza hapa ni ya wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, niliyepewa bila malipo nilipotuhumiwa kukiuka masharti ya parole (yaani kuachiwa kutoka gerezani kabla ya kumaliza kifungo, kwa masharti na chini ya usimamizi wa afisa) katika mji mmoja wa magharibi mwa jimbo la New York. Naipa nyota nne kati ya tano. Mimi ni mzaliwa wa Kivu ya Kusini, Kiingereza changu ni cha kazini tu, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipofikwa na shida hiyo sikupata maelezo yoyote kwa lugha ninayoielewa vizuri.

Tuhuma ilikuwa kwamba nimetoroka usimamizi. Ukweli ni kwamba mwezi wa Januari bomba lilipasuka katika nyumba niliyopanga, joto likakatika, nami nikahamia kwa dada yangu. Nilimpigia simu afisa anayenisimamia mara sita na kuacha ujumbe kila mara, lakini wiki chache baadaye nilikamatwa. Aliyeniletea karatasi ya tuhuma alinieleza kwamba nikitia saini kuacha shauri la awali (kikao cha kuangalia kama tuhuma ina msingi, kabla ya shauri la mwisho la kuamua) mambo yangekwisha haraka, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu nilipokumbuka kusema kwamba nataka kuonana na wakili kwanza. Ndugu yangu unayesoma, ukiwa katika hali kama hiyo, usitie saini yoyote kabla hujazungumza naye.

Tangu Machi 2022, sheria ya jimbo hili iitwayo Less Is More, iliyosainiwa mwaka 2021, inataka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma za namna hii afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, ili iamuliwe kama atazuiliwa au ataachiwa asubiri shauri akiwa nyumbani. Wakili wangu alikuwepo siku hiyo hiyo. Tulizungumza kwa dakika kumi tu, tena tukiwa tumesimama, lakini zilimtosha kumwonyesha hakimu kwamba nina kazi, nina dada wa kunipokea, na sijawahi kukosa kufika nilipoitwa. Nililala mahabusu usiku mmoja. Aliyezuiliwa hupata shauri la awali ndani ya siku 5 na la mwisho ndani ya siku 30. Kwangu niliyeachiwa, muda ulikuwa siku 10 na siku 45.

Nyota niliyoipunguza ni ya wiki zilizofuata. Wakili alikuwa na mafaili mengi mno, simu zangu zilikaa siku nne hadi tano bila kujibiwa, na barua moja muhimu niliipata nikiwa nimebakiwa na siku mbili za kujiandaa. Mtu ambaye uhuru wake unategemea simu hiyo huteseka sana.

Hata hivyo, kazi aliyoifanya ndani ya chumba cha shauri sitaisahau. Katika shauri la awali mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu mwenye Kiswahili cha pwani, nami nikasema kama tunavyosema kwetu: "Niliikimbia ile nyumba kwa sababu ya baridi." Yeye akatafsiri kwamba nilitoroka. Kwa tuhuma yangu hakuna neno baya kuliko hilo, kwa kuwa sheria inasema kutoroka ni kukwepa usimamizi kwa makusudi, na mimi nilionekana nimekiri kwa kinywa changu. Wakili hajui Kiswahili hata kidogo, lakini aliona kwamba maneno hayo hayafanani na yale niliyomweleza mwanzoni, akaomba shauri lisimame na mkalimani aeleze neno lenyewe lina maana gani. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba nilihama. Kwa shauri la mwisho akaomba mkalimani wa Kiswahili cha Kongo aliyekaa nasi chumbani, na akapatikana.

Siku hiyo ya mwisho upande wa serikali ulitakiwa kuleta ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kiwango cha juu kuliko kile cha shauri la awali. Wakili alitoa orodha ya simu kutoka kampuni yangu ya simu, picha za bomba zikiwa na tarehe, na dada yangu kama shahidi. Kisha akamhoji afisa, tena kwa upole, ni hatua gani alizochukua kunitafuta kabla ya kuomba nikamatwe. Haki hiyo ya kumhoji anayekutuhumu, pamoja na kupewa tuhuma kwa maandishi, kuona ushahidi, kusikilizwa na mtu asiye na upande na kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi, ni ya Marekani nzima tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, mwaka 1972. Wakili wa bure ni jambo jingine. Kwa hukumu ya Gagnon dhidi ya Scarpelli ya mwaka 1973, Katiba ya nchi haimpi kila mtuhumiwa wa aina hii wakili huyo; hutazamwa kesi moja moja, hasa pale mtu anapokana tuhuma au ana sababu nzito za kujitetea. New York imeiweka haki hiyo katika sheria yake. Ndugu zetu walio katika majimbo mengine wamwombe wakili kwa maandishi mapema, wakieleza wanachokikana na kwamba lugha ni kikwazo.

Jaji alilitupa shtaka la kutoroka. Alithibitisha dogo tu, la kutotoa taarifa ya makazi mapya kwa njia iliyotakiwa, na kwa kuwa lilikuwa kosa langu la kwanza la aina hiyo, sheria haikuruhusu nirudishwe gerezani. Jioni hiyo nilirudi kwa dada yangu, na safari hii anwani yake imeandikwa katika faili langu.