Bucha ya Ngamiani inayokata akika kwa viungo

Nyumbani kwetu mtoto hakatiwi keki kabla hajachinjiwa akika, yaani mnyama wa kumshukuru Mungu kwa kuzaliwa kwake. Mtoto wa kaka yangu alizaliwa mama yake akiwa mgonjwa, siku ya 7, ambayo kwa kawaida akika huchinjwa, ikapita wakiwa bado hospitalini, ya 14 na ya 21 nazo zikapita katika uuguzi, na kwa kuwa fiqhi, yaani sheria ya dini, ya madhehebu ya Kishafii inaruhusu wazazi kuichelewesha akika maadamu mtoto hajabaleghe, wazee wakaamua ichinjwe siku atakayotimiza mwaka mmoja. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta bucha hapa Tanga itakayochinja mbuzi wawili, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kiume, na kuwakata bila kuvunja hata mfupa mmoja.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Wanazuoni wa Kishafii wamependekeza nyama ya akika itenganishwe kwenye maungio, iwe fali njema, yaani ishara ya heri, ya kusalimika kwa viungo vya mtoto, ingawa anayevunja mfupa hapati dhambi, na Imam Malik, mwasisi wa madhehebu ya Kimaliki, yeye hakuona ubaya wa kuuvunja. Bibi yetu, aliyezaliwa Pangani na kulipokea jambo hili kwa mama yake, anakwenda mbali zaidi: anaamini kwamba mfupa wa akika ukivunjika, mtoto naye ataumia mahali hapo hapo. Mimi siliamini hilo, na nimemwambia kwa adabu. Lakini ndiye aliyetulea sote kwa tahadhari hiyo, na sikuwa tayari kumpelekea mifupa iliyopasuliwa siku ya furaha yake.

Bucha ya kwanza niliyoiendea walikubali haraka, kisha nikamkuta kijana anawasha msumeno wa umeme. Nikaondoka. Hii ninayoipendekeza ni bucha ndogo ya Ngamiani, ya mzee mmoja na vijana wake wawili. Mzee aliposikia neno akika, swali lake la kwanza lilikuwa mtoto ni wa kike au wa kiume, na la pili mkunga wake yuko wapi, kwa sababu paja la mkunga hutolewa bichi na yeye hupenda kulitenga mapema. Kisha akalisukuma shoka chini ya meza.

Nilisimama kumtazama karibu saa nzima. Kabla ya kukata aliutikisa mguu polepole kwa mkono wa kushoto, huku kidole gumba cha kulia kikitafuta mahali mfupa unapocheza. Ncha ya kisu ikaingia hapo, gegedu jeupe likaonekana, na nyonga ikaachia bila kulazimishwa. Mbavu alizitoa mmoja mmoja kwenye pingili za uti wa mgongo, kazi ambayo kwa kawaida humalizwa kwa mapigo machache ya panga. "Mama, hapa mkono ndio unaoona," aliniambia.

Mbuzi wake wote wawili walikuwa wametimiza miaka 2, wazima, hakuna chongo wala kiguru, na alinionyesha meno yao kabla sijalipa. Kwa ukataji wa viungo anaongeza shilingi 20,000 kwa kila mbuzi, bei ninayoiona ya haki. Dosari ni muda: nyama ilifika saa tano badala ya saa tatu, na mpishi akalazimika kuiharakisha pilau, ambayo kwetu hutiwa zabibu nyingi ili tabia ya mtoto iwe tamu. Atakayekwenda kwake ampe taarifa siku mbili kabla, na aseme wazi kwamba nyama ni ya akika. Keki ilikatwa alasiri, na vijana wakammwagia maji mama wa mtoto kwa niaba ya mwanawe.

Jambo moja zaidi lazima nilieleze, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Mmoja wa wale vijana wa bucha, kwa mazoea, aliushushia panga mguu wa mbuzi wa pili, na muundi ukakatika. Wangeweza kuuchanganya na nyama nyingine, nami nisingejua. Mzee aliufunga peke yake katika karatasi, akaja nao mwenyewe hadi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwambia Bibi: "Shikamoo, mama. Huu umevunjika mikononi mwetu, tunaomba radhi." Shilingi 20,000 za mbuzi huyo akakataa kuzipokea.

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akaagiza uzi. Jioni, mifupa yote ilipokusanywa katika kitambaa cheupe ikazikwe chini ya mwembe, vile vipande viwili vilikuwa vimeunganishwa na kuzungushiwa uzi mara saba, naye ndiye aliyeviweka juu ya vingine kwa mkono wake.