Karani alifungua kopo la filamu yangu kwenye mwanga

Ofisi yenyewe siitaji. Ipo Mjini Unguja, si mbali na Darajani, inapokea vifurushi vya kwenda nje, na kabla ya hapo sikuwa na ugomvi nao. Bei nzuri, risiti wanatoa, mzigo unafika. Kwa hayo ningewapa nyota nne. Nawapa moja, na nikizidi kuandika huenda nikaiondoa hiyo pia.

Nilipeleka rili ya filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, iliyokwisha kupigwa lakini haijasafishwa, iende maabara Berlin. Kopo nililizungushia utepe mweusi nikaandika juu, kwa Kiswahili na kwa maka nyekundu: USIFUNGUE, MWANGA UTAUNGUZA PICHA.

"Dada, hapa lazima nione kilichomo."

Sawa, kukagua ni kazi yake. Ndiyo maana nilikwenda na mfuko mweusi wa kubadilishia filamu: kopo linaingia ndani, unafunga zipu, unapitisha mikono kwenye mikono ya mfuko, unafungua na kupapasa humo humo gizani. Nikamwekea kaunta, nikamweleza taratibu. Akacheka. Akamwita mwenzake: "Njoo umwone huyu, anataka nitie mikono kwenye mkoba wa mganga." Mimi bado nazungumza, yeye keshabandua utepe, kopo limefunguliwa chini ya taa ya tyubu, na mkanda anauvuta kama pima mbili, anautazama kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mbona hamna picha?"

Hamna picha kwa sababu haijasafishwa, kaka! Picha imo lakini haionekani mpaka ipite kwenye dawa, na mwanga ukiifikia kabla ya dawa, basi. Nilimwambia hayo kabla hajagusa kopo. Hakuwa akisikiliza, alikuwa akimchekea mwenzake.

Rili nzima ni futi 100, kiasi cha dakika mbili na robo tatu kwa kasi ya fremu 24. Pima mbili, yaani futi 12, ni sekunde ishirini hivi. Utasema kidogo. Lakini kinachopigwa mwisho ndicho kinachokaa juu ya rili, na mwisho wa rili hii ulikuwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kile kibanda cha makuti kinapowashwa moto na aliyemo ndani anapotoka mbio. Nilitia kamera ufunguo mpaka mwisho nikingoja dakika hiyo. Kibanda hakichomwi mara ya pili kwa ajili yangu. Ni mpaka Julai nyingine. Na mwanga haukuishia kwenye pima mbili, umepenya mizunguko ya chini yake pia. Maabara wamerudisha mkanda uliokwajuka: fujo ya watu kupigana kwa migomba inaonekana, kina mama wanaoimba nusu yao wapo, moto haupo kabisa.

Mwenzangu mmoja tunayefanya naye filamu za majaribio aliutazama akasema umependeza, niuache hivyo. Nilikasirika zaidi. Ndiyo, sisi tunakwaruza mikanda kwa sindano, tunasafisha kwa kahawa ya kopo, magadi ya kufulia na vitamini C, tunaingiza mwanga makusudi. Hayo tunayachagua wenyewe, na mkono unajua unatafuta nini. Mtu kunivunjia kazi kwa dharau, kisha niiite sanaa? Hapana. Nyota ile moja naiondoa.

Lakini lazima niseme haki. Bibi msimamizi wa zamu ya mchana alinirudishia ada yote ya kutuma bila kuniomba maelezo marefu, akaniomba radhi mbele ya wateja. Nilipokwenda na rili nyingine aliutazama ule mfuko, akauliza mikono inaingia wapi, akatia, akapapasa, akasema, "Chuma cha duara na utepe. Funga, mwanangu." Haikumaliza hata dakika. Rili hiyo ilifika salama, kila fremu ipo.

Basi nyota tatu kwa zamu ya mchana, na kwa asubuhi hakuna kitu, maana yule karani bado yupo kaunta ile ile na mimi hajaniambia hata samahani. Mwenye mkanda usiosafishwa asiende kabla ya adhuhuri, aende na mfuko wake, na kopo alishike mwenyewe mpaka zipu ifungwe.