Seti ya kupimia mikoplazma kwa PCR: uzoefu wangu

Kama unakuza seli maabara na unasitasita kuinunua seti hii ya kugundua mikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli) kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi hadi ionekane, nunua. Ila usitarajie ifanye kazi ambayo mikono yako haikuifanya.

Bakteria wa kawaida na fangasi hawahitaji seti yoyote. Midia (maji ya lishe ya seli) inageuka njano na kuchafuka, au nyuzi zinaonekana chini ya darubini. Unaiua kwa klorini, unatupa, basi. Mikoplazma ni mpangaji asiyepiga kelele. Midia inabaki angavu, seli zinaendelea kugawanyika huku tabia zake zikibadilika, na darubini ya kawaida haikuonyeshi kitu. Kwa kuwa hana ukuta wa seli, penisilini haimwezi, maana penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huohuo. Tena ni mdogo na mwili wake unajipinda, hivyo anaweza kupenya hata kichujio cha mikromita 0.22.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Sampuli nzuri ni midia iliyokaa siku mbili tatu na seli zilizokwisha kujaa chupa, bila antibayotiki. Unaichemsha kidogo, unaizungusha kwenye sentrifuji, unachukua maji ya juu, unachanganya, unaweka kwenye mashine, kisha unasoma jeli, ambako DNA iliyonakiliwa huonekana kama mstari. Jibu linatoka siku hiyohiyo, wakati njia ya kumwotesha kwenye agari (jeli ya lishe) huchukua siku 28.

Kilichonifanya niiamini ni kontroli ya ndani, yaani DNA inayonakiliwa katika kila sampuli ili kuthibitisha kwamba PCR imefanya kazi. Kuna sampuli moja haikutoa mstari wowote, si wa mikoplazma wala wa kontroli. Seti isiyo na kontroli hiyo ingenifanya niandike "safi" na kuendelea na kazi. Kumbe midia ilikuwa na vitu vinavyozuia PCR. Niliizimua mara kumi, nikarudia, na mstari wa kontroli ukatokea. Seti yoyote isiyo nayo mimi siigusi, hata ikiwa ya bure.

Sasa kero zake. Kontroli chanya (sampuli ya kulinganishia yenye DNA ya mikoplazma) inayokuja ndani ya boksi ina DNA nyingi, na tone dogo likiruka, kila sampuli itasoma chanya. Ifungue mwisho kabisa, kwa pipeti yake, mbali na unapochanganyia. Maelezo ya mtengenezaji yalitaja hilo kwa sentensi moja tu, tena ukurasa wa nyuma! Pia PCR haitofautishi mikoplazma hai na mfu. Ukishazitibu seli, DNA ya waliokufa inaweza kubaki, kwa hiyo zihamishe chupa mara kadhaa kabla ya kupima tena. Jibu likiwa na utata mimi huthibitisha kwa rangi ya Hoechst, inayoshika DNA na kung'aa: viini vya seli vinang'aa, na mikoplazma wanaonekana kama vumbi linalong'aa nje ya viini.

Kabla ya kulipa, soma orodha ya spishi inazozitambua. Zisikosekane M. (Mycoplasma) orale, M. hyorhinis, M. arginini, M. fermentans na Acholeplasma laidlawii, kwani ndizo husababisha sehemu kubwa ya maambukizi. M. orale hutoka kinywani mwa binadamu, kwa hiyo wale wa kupiga soga mbele ya kabati la hewa safi mnahusika.

Seli mpya naziweka inkubeta ya peke yake hadi zipimwe, zilizopo nazipima kila mwezi. Maabara isiyo na mashine ya PCR afadhali itume sampuli kwa wanaopima. Seti hii ingekaa tu kwenye friza hadi muda wake uishe.