Kipimo cha bure cha homa ya ini C (hepatitisi C) hapa Katwe, Kampala, mimi nilipima na haya ndiyo niliyoona

Mimi ni kinyozi, kwa hiyo niliposikia kuna hema la kupima hepatitisi C bure pale karibu na stendi ya boda nikafunga saluni saa nne asubuhi nikaenda, maana huu ugonjwa unapita kwa damu na mimi damu naiona kila siku, mtu anakatika kidogo nyuma ya shingo, unapaka spiriti, unaita mwingine.

Kwanza niwasifu. Walileta kipimo penye watu wenyewe wako. Kwa foleni kulikuwa na watu wa boda, dada zetu wanaofanya kazi usiku, wakimbizi wa Kongo, na wale vijana wanaojidunga dawa za kulevya ambao hospitalini hata getini tu askari anawaangalia kama wezi. Pale hakuna aliyeulizwa kitambulisho, unapewa namba yako unakaa. Aliyekuwa anapokea watu ni kijana ambaye mwenyewe alijidunga zamani akaacha, anajua kuongea nao bila kuwaaibisha, na Kiswahili anakiongea vizuri, na hiyo kwetu ni kitu kikubwa sana kwa sababu mama aliyetoka Goma mwaka jana Luganda hajui na Kiingereza hajui.

Ndani, nesi alifungua kisindano kipya mbele ya macho yangu, akanitoboa kidole, tone moja la damu likaingia kwa kile kiplastiki cheupe, akaongeza matone ya dawa, akaniambia subiri dakika 20. Sasa kile kiplastiki kina herufi mbili, C na T. Mzee aliyekaa karibu yangu akaona mstari umetoka penye C akashika kichwa, Mungu wangu nimeshapata C, watoto wangu watalelewa na nani. Kumbe hiyo C ni ya kuonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi, kila mtu lazima imtokee, ugonjwa unaangaliwa kwa T. Mpaka nesi anakuja kumweleza mzee alikuwa anatetemeka mikono. Jamani hilo mlisemeni kabla hamjatoboa mtu, ni maneno mawili tu.

Yangu ilitoa mistari miwili.

Musawo, yaani mhudumu wa afya, alinipeleka kando, si mbele ya watu, akakaa na mimi kama nusu saa hivi. Akanieleza hicho kipimo cha kidole kinatafuta alama ambayo mwili uliacha baada ya kukutana na kirusi, hakisemi kama kirusi bado kipo, kwa sababu kuna watu, kama mmoja kati ya watatu au wanne, mwili wao unakifukuza wenyewe bila dawa. Ndio maana lazima damu ya mkononi itolewe iende maabara kutafuta kirusi chenyewe. Nikamuuliza na ile chanjo tulichomwa, akasema ile ni ya homa ya ini B, ya C haipo mpaka leo. Lakini C ina dawa ya vidonge, unameza kila siku wiki 12, na zaidi ya watu 95 kwa 100 wanapona kabisa. Mimi hilo sikuwa nalijua, nilifikiri ukiambiwa C basi ini limekwisha.

Penye walituangusha ni hapa. Jibu la maabara waliniandikia wiki mbili. Nikaenda kwa kituo walichonielekeza (jina siweki), halijafika, rudi wiki ijayo, nikarudi, rudi tena, ikafika wiki ya sita. Wiki sita silali na mke wangu vizuri kwa mawazo, nimeficha wembe wangu nyumbani mtoto asiushike, wateja nawanyoa na mashine tu. Mwishowe jibu likaja, kirusi hakuna. Nilishukuru, lakini mimi nina saluni na simu na mahali pa kukaa, sasa yule kijana anayelala penye usiku unamkuta atarudi kituoni mara nne kweli? Namba ya simu walichukua kwangu, hawakupiga hata mara moja. Wawili niliopanga nao foleni, majibu yao mpaka leo hawajafuata, wamechoka.

Kupima nawapa tano kwa tano. Majibu nawapa mbili. Wakirudi, nendeni, na kabla hujatoka hemani muulize mtu atakayekupigia simu ni nani, akuandikie namba yake kwa karatasi. Asubuhi ni vizuri zaidi, mchana jua ni kali na foleni inafika mpaka kwa mama wa chapati.